Faili la Laana na Faili la Mkopo

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Babati mjini, mkoani Manyara

 

Nimeombwa nizungumzie mafaili ya ajabu, yale ambayo watu husema ukiyapakua simu inakufa, au unakufa wewe mwenyewe. Naamini wengi humu mmewahi kupokea ujumbe unaosema kwamba kesho itatoka video kwenye WhatsApp inayoitwa Martinelli, msiifungue, itadukua simu na hakuna fundi atakayeiweza. Ujumbe huo una ndugu yake anayeitwa Dance of the Pope, eti ni video ya Papa akicheza, nayo inafuta kila kitu kilichomo kwenye simu, na habari hiyo eti imetangazwa BBC leo asubuhi. Zote mbili humalizikia mahali pamoja: watumie wote unaowapenda.

Video ya Martinelli haikutoka kesho yake wala keshokutwa. Mwaka 2017 Polisi ya Taifa ya Hispania iliwaambia wananchi wake kwamba hakuna video hiyo. Ujumbe haukujali. Umevuka bahari na mipaka, na hadi leo utamkuta mtu mzima mwenye akili zake timamu akiusambaza kwenye kundi la familia au la jumuiya, kwa nia njema kabisa. Nawaomba tusimcheke mtu huyo. Anachofanya ni kile kile ambacho jirani mwema hufanya akisikia kuna mwizi mtaani.

Nina jambo moja la kusema jioni hii, na mengine yote nitakayoyasema ni ya kulibeba hilo. Faili linalosimuliwa halijamdhuru mtu, na faili lililomdhuru mtu halisimuliwi. Martinelli inajulikana kila nyumba. Lakini programu iliyomfanya mama wa sokoni aogope kukutana na mkwewe, hiyo hamjaisikia, kwa sababu mama mwenyewe hajamwambia mtu. Pengo hilo ndilo linalonikosesha raha.

Nianze na simulizi, maana zina historia ndefu kuliko simu. Mwaka 1995 kisiwani Pemba watu walihama vitanda vyao wakalala nje kwa makundi, moto ukiwaka usiku kucha, kwa hofu ya Popobawa, jini aliyesemwa kuwaingilia watu majumbani na kuwadhalilisha. Hofu ilivuka ikafika Unguja, ikafika Dar es Salaam, na ikazuka tena miaka ya baadaye. Wanaoikumbuka wanajua kipengele chake kimoja kizito: aliyetembelewa na Popobawa alitakiwa awaambie wengine, na asipowaambia angerudiwa. Tazameni jinsi ilivyosukwa. Simulizi imebeba ndani yake agizo la kusimuliwa pamoja na adhabu ya kukaa kimya. Ujumbe unaokuambia uwatumie watu kumi la sivyo utaona cha moto una umbile hilo hilo, ila huu hauhitaji hata mtu wa kuutembeza kwa miguu. Na hofu ile haikuwa mchezo wa watoto. Mwaka huo huo, Unguja, mgonjwa wa akili aliuawa na watu waliodhani ndiye Popobawa. Jini hakuna aliyemkamata. Aliyezikwa ni binadamu.

Kabla ya Popobawa walikuwapo mumiani, pwani na bara, waliosemwa kutembea na magari ya zimamoto wakitafuta damu za watu, enzi za ukoloni. Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alizikusanya simulizi hizo katika kitabu alichokitoa mwaka 2000. Nikizisoma sioni watu wanaoropoka. Naona watu wanaojaribu kuzungumzia mamlaka iliyokuwa ikichukua kitu kutoka kwao bila kuwaambia inachukua nini. Nitalirudia hilo tutakapofika kwenye mikopo.

Kompyuta nazo zilipata mumiani wao mapema. Mwaka 1994, wakati barua pepe bado ni kitu cha vyuo vikuu na ofisi chache, watu walionywa wasifungue barua yenye kichwa cha Good Times kwa kuwa ingeharibu diski nzima. Barua pepe ya wakati ule, maandishi matupu, haikuwa na uwezo huo. Lakini mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka 2002. Ilizunguka barua iliyosema hivi: tafuta kwenye kompyuta yako faili linaloitwa jdbgmgr.exe, utalitambua kwa alama yake, dubu mdogo wa kuchezea watoto. Ukilikuta ujue umeshaambukizwa, lifute upesi, kisha waonye wote uliowahi kuwaandikia. Watu wakatafuta na wakalikuta. Wangeachaje kulikuta? Lilikuwa faili halali la Windows, lililowekwa na Microsoft wenyewe kwa kazi za watengeneza programu. Wenye kompyuta wakalifuta kwa mikono yao. Hapakuwa na virusi popote. Onyo lenyewe lilifanya kazi ya virusi, na kilichoutembeza ujumbe ule ni upendo wa watu kwa marafiki zao.

Kwa watoto wetu simulizi hizi ni kali zaidi. Mei 2017 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya ilipiga marufuku mchezo uliosemwa kuitwa Blue Whale, ambao eti humwamrisha kijana afanye jambo moja kila siku kwa siku hamsini hadi ajidhuru. Tangazo lile lilifuata kifo cha kijana mmoja kilichohusishwa na mchezo huo. Hofu yenyewe ilianzia Urusi mwaka 2016, kwa makala ya gazeti. Wazazi walitaka kujua mchezo huo unapakuliwa wapi ili wauzuie, na hapakuwa na programu ya kupakua. Baadaye ikaja sura ya Momo, macho yaliyotokeza na mdomo uliopasuka, na mwaka 2019 wazazi wa nchi nyingi waliambiwa inachomoza katikati ya katuni za watoto. Sura ile ni sanamu ya msanii wa Kijapani, Keisuke Aiso, iliyoonyeshwa Tokyo mwaka 2016. Aiso mwenyewe alieleza kwamba sanamu iliharibika na alikuwa ameshaitupa.

Mzazi ataniuliza, ubaya uko wapi mtoto akiogopa? Ubaya ni kwamba mtoto aliyetishwa na Momo huanza kuificha simu. Anajua akisema ameona kitu kibaya, simu itachukuliwa na huenda akachapwa. Siku atakapotumiwa picha chafu na mtu mzima, au atakapodaiwa fedha na mtu anayemtisha, yule mtoto ameshafundishwa kunyamaza. Kijana aliyebanwa na dhiki ya kweli anahitaji mtu wa kukaa naye na kumsikiliza, na sisi tunakimbizana na mchezo usiokuwapo.

Najua kuna kijana hapa anataka kuniuliza: kwa hiyo picha haiwezi kudhuru simu? Siwezi kumjibu kwa neno moja, kwa sababu jibu la neno moja litakuwa uongo.

Faili ni ama kitu cha kusomwa ama kitu cha kutenda. Picha, wimbo, barua na video ni vya kusomwa. Vyenyewe haviendi popote, kuna programu nyingine inayovifungua na kukuonyesha. Faili la apk kwenye simu au la exe kwenye kompyuta ni la kutenda, ukilipa nafasi linaanza kazi. Hofu zetu nyingi zimeelekezwa kwenye vya kusomwa, na wizi mwingi hufanyika kwa vya kutenda. Hiyo ndiyo kanuni, lakini ina nyufa. Mwaka 2020 picha moja nzuri ya ziwa na milima, iliyopigwa katika hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana nchini Marekani, iliangusha simu nyingi za Android. Ukiiweka iwe mandhari ya skrini, simu inazima na kuwaka, inazima na kuwaka, haikupi nafasi hata ya kuitoa. Mpiga picha hakukusudia lolote. Aliihifadhi kwa mpangilio mpana wa rangi ambao Android 10 haikuutarajia, programu ikakokotoa mwangaza wa picha ikapata namba iliyozidi kikomo chake cha 255, ikaanguka, na kila ikiamka inaikuta picha ile ile inaisubiri.

Vivyo hivyo kwa simu zinazopigwa. Mwaka 2004 watu nchini Nigeria walikataa kupokea namba fulani wakiamini zinaua, na mwaka 2007 hofu ya namna hiyo ikaikumba Pakistan. Namba haiui mtu. Lakini Mei 2019 WhatsApp walitangaza kuwa wameziba tundu lililomwezesha mdukuzi kupandikiza programu ya ujasusi kwenye simu kwa kuipigia tu, hata mwenye simu asipopokea. Programu hiyo ilikuwa Pegasus, ya kampuni ya NSO ya Israel, na waliolengwa walikuwa watu wapatao 1,400, wakiwamo waandishi wa habari na watetezi wa haki za binadamu. Silaha ya bei ya namna ile hainunuliwi ili kuibia salio la M-Pesa.

Dawa ya picha ile na ya simu ile ni moja, nayo inachosha kuisikia: sasisho. Tundu likigunduliwa, mwenye programu huliziba na kukutumia kiraka. Nawajua watu wengi mjini hapa waliozima masasisho ili kulinda bando, na siwalaumu, bando ni fedha. Ila sasisha WhatsApp na mfumo wa simu hata mara moja kwa mwezi, usiku, kwenye bando la usiku au kwa ndugu mwenye waifai. Ukifanya hivyo umejikinga zaidi ya mtu aliyesambaza maonyo mia.

Sasa tuje kwenye yale yanayoumiza. Yana tabia moja: hayatishi. Mei 4, mwaka 2000, watu duniani kote walipokea barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, na ndani yake faili la barua ya mapenzi. Jina lilionekana kama la maandishi ya kawaida, txt, kwa sababu Windows huficha herufi za mwisho za jina la faili. Herufi zilizofichwa zilikuwa vbs, yaani programu. Aliyefungua alipoteza picha zake, na barua ikajituma yenyewe kwa kila mtu aliyemo kwenye orodha yake, ikionekana imetoka kwake. Ilianzia Manila, Ufilipino, kwa kijana Onel de Guzman ambaye, kwa maelezo yake mwenyewe miaka ishirini baadaye, alitaka tu nywila za watu ili apate intaneti bila kulipa. Hakushtakiwa kwa sababu nchi yake haikuwa na sheria ya makosa hayo. Mamilioni ya kompyuta ziliambukizwa. Jiulizeni, angeandika kwenye kichwa kwamba faili hili lina laana, nani angefungua?

Mzaliwa wa Babati anaijua tofauti hii. Kiboko wa ziwa letu huwa hamuumizi anayemwogopa kutoka ng'ambo. Huumiza anayekutana naye usiku kwenye mahindi, mtu anayekwenda shambani kwake kwa shughuli zake halali. Mafaili nayo hutukuta kwenye shughuli zetu halali.

Desemba 3, 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuifunika Katesh, ni nani hapa aliyechagua video ya kufungua na ya kuacha? Tulifungua zote. Tulikuwa tunatafuta uso wa ndugu, ukuta wa nyumba tunayoijua, jina. Hiyo ndiyo hali ambayo mwizi wa mtandaoni huomba akukute nayo, na hana haja ya kuileta yeye. Maisha huileta: msiba, matokeo ya mtihani, tangazo la ajira, ada ya shule, mtoto mgonjwa.

Nenda steshenari yoyote hapa mjini, karibu na stendi au karibu na shule, ukae kidogo. Binti anakuja na flashi yenye barua yake ya kuomba kazi na vyeti alivyoskani. Mhudumu anaichomeka, na badala ya makabrasha yake anaona alama za njia ya mkato, kila moja na kimshale kidogo kwenye kona ya chini kushoto. Binti anadhani vyeti vimepotea, maana haoni faili lake hata moja. Kwa kawaida havijapotea. Virusi vimevificha, vikaweka vimshale hivyo ili kila anayebofya avianzishe upya na kuviingiza kwenye kompyuta ile, na kutoka kwenye kompyuta ile viingie kwenye flashi ya anayefuata kwenye foleni. Fundi anayejua kazi yake huvirudisha kwa amri moja fupi. Zamani ilikuwa mbaya zaidi, flashi ilijiendesha yenyewe ikichomekwa tu. Microsoft waliifunga tabia hiyo kuanzia Windows 7 ya mwaka 2009, na Februari 2011 wakatuma sasisho kwa Windows za nyuma yake. Sasa virusi vinahitaji kidole cha mtu, na sisi tunavipa, kwa sababu tunazitaka nyaraka zetu.

Nawaomba wenye steshenari, kwa moyo wangu wote: kwenye kila kompyuta fungueni onyesho la herufi za mwisho za majina ya mafaili. Mhudumu akiona cheti kinaishia na exe atashtuka. Cheti hakina sababu ya kuishia hivyo.

Kwenye simu, kishawishi kikubwa kwa vijana ni WhatsApp zisizo rasmi, GB na wenzake. Najua mnazipendea nini. Unasoma ujumbe uliofutwa, unaficha tiki za bluu, unatumia laini mbili. Haziko kwenye Play Store, kwa hiyo mnatumiana faili la apk, na simu inawauliza kama mnaruhusu programu kutoka vyanzo visivyojulikana, mnasema ndiyo. Agosti 2021 watafiti wa Kaspersky walikuta toleo moja la FMWhatsApp limebeba programu haribifu iitwayo Triada, yenye uwezo wa kupakua vitu vingine kimya kimya na kumwandikisha mwenye simu kwenye huduma za kulipia asizoziomba. Kila ujumbe wako, na kila ujumbe wa mtu anayekuandikia, unapita kwenye programu iliyotengenezwa na mtu usiyemjua. Anayekuandikia hakuulizwa kama anakubali.

Na sasa mikopo, jambo lililonifanya nikubali kusimama hapa.

Tuseme ni mama anayeuza nyanya na vitunguu. Ada ya mtoto imefika na biashara imelala. Anaona tangazo kwenye simu: mkopo wa papo hapo, bila dhamana, bila mdhamini, namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA, tu. Anapakua. Programu inafunguka, na kabla ya jambo lolote kinatokea kisanduku cheupe katikati ya skrini kinachouliza kama angependa kuiruhusu ifikie anwani zake. Chini yake yapo maneno mawili, Ruhusu na Usiruhusu. Akigusa Usiruhusu, programu inagoma kuendelea. Kwa hiyo anagusa Ruhusu. Kinakuja kisanduku cha pili, cha ujumbe mfupi. Ruhusu. Cha tatu, cha picha. Ruhusu. Dakika haijaisha, na orodha yote ya watu wake, mkwewe, mwalimu wa mtoto, mchungaji, mteja wake mkubwa, imeshanakiliwa kwenye kompyuta ya mtu ambaye hata nchi aliko haijulikani. Fedha inaingia kweli, pungufu ya aliyoomba kwa sababu ada imekatwa mbele, na inatakiwa irudi baada ya siku chache ikiwa imenenepa.

Siku ya kulipa ikipita, simu zinaanza. Halafu ujumbe unakwenda kwa watu wa kwenye orodha, kila mmoja kwa namba yake, kwamba fulani ni mdaiwa sugu, mmemdhamini, mwambieni alipe. Wengine huwekewa picha yao na kuitwa wezi. Mama wa watu anakopa kwenye programu ya pili ili alipe ya kwanza, na ya tatu ili alipe ya pili. Mtaani tunaiita mikopo ya kausha damu.

Hizi si simulizi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania iliwatangazia wananchi orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakitoa mikopo ya kidijitali bila leseni. Sitini na tisa, kwa majina. Laiti orodha ile ingesambazwa kwenye makundi yetu kwa kasi ya Martinelli! Haikusambazwa hivyo, na nadhani najua sababu. Ukisambaza Martinelli unaonekana mtu mwenye kujali. Ukisambaza orodha ya programu za mikopo, watu watauliza wewe umezijuaje.

Aibu ndiyo dhamana halisi ya mkopo ule. Waliotengeneza programu hizo wanajua Mswahili atauza mbuzi, atauza simu, atauza hata shamba kabla hajakubali mkwewe ajue anadaiwa. Popobawa alimwamuru mtu aseme. Hawa wamemtisha mtu kwa kusema, na ndiyo maana wamefanikiwa kuishi muda mrefu bila kusimuliwa. Nao, kama mamlaka ile ya enzi za mumiani, wanachukua kitu bila kusema wanachukua nini, ila mumiani angalau alikuwa na jina mtaani kote.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa aliyekwisha kuingia humo hauhusu simu kabisa. Watangulie. Kabla hawajawaandikia watu wako, waandikie wewe, maneno mawili tu: nilipakua programu ya mkopo, imechukua namba zenu, mkipokea ujumbe wowote kuhusu mimi msiujibu wala msilipe. Siku ujumbe wao utakapofika utakuta mlango umeshafungwa. Nimewaona watu waliofanya hivi, na wengi walipata kitu ambacho hawakukitarajia, kwamba kati ya waliowaandikia walikuwamo waliojibu kwamba na wao yaliwakuta.

Hatua nyingine ni za kawaida. Nenda kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, uiondolee ruhusa zote, kisha uifute. Kufuta peke yake hakurudishi orodha iliyokwisha kunakiliwa, hilo liwe wazi. Badilisha namba ya siri ya fedha za mtandao ukitumia simu nyingine iliyo safi, na mweleze mtoa huduma wako. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa sababu namba yako ya NIDA nayo wanayo. Ujumbe wa utapeli upeleke kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, usiufute kwa hasira, ni ushahidi. Na kama deni ni la kweli, kudaiwa hakumpi mtu haki ya kusambaza picha yako na namba za ndugu zako. Tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyounda Tume ambayo Rais aliizindua Aprili 2024, na kazi yake mojawapo ni kupokea malalamiko ya watu kama huyu mama. Inapata nguvu kwa malalamiko yanayoifikia.

Kwa ambaye bado hajapakua, swali la kuliuliza faili ni fupi: wewe ni wa kusomwa au wa kutenda? Matokeo ya mtihani husomwa kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, hayahitaji kusakinishwa. Tangazo la ajira ya serikali husomwa kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, nalo halihitaji kusakinishwa. Mwaliko wa harusi husomwa. Chochote kati ya hivyo kikija kinaishia na apk, hakuna haja ya kubishana nacho. Na mkopo, kama lazima ukope, uliza kwanza kama mkopeshaji yumo kwenye orodha ya wenye leseni ya Benki Kuu. Kama programu inakataa kukukopesha mpaka uipe orodha ya watu wako, basi ujue ni kitu gani inachokitaka zaidi ya riba.

Nimalizie na shughuli yenyewe. Pale mezani karibu na mlango wapo mafundi simu wawili wa hapa hapa mjini waliokubali kubaki hadi saa mbili usiku, bila malipo. Mwenye simu yenye programu ya mkopo, au WhatsApp isiyo rasmi, au flashi yenye vimshale, aende kwao. Hawatauliza ulikopa kiasi gani wala kwa ajili gani. Watakuonyesha ruhusa zilizotolewa kwenye simu yako, moja moja, na wewe mwenyewe ndiye utakayezifunga. Mimi nitakuwa meza ya pili na karatasi. Anayetaka kunieleza kilichompata nitakiandika bila jina lake wala namba yake, na yatakayopatikana tutayasoma kwa sauti kwenye mkutano ujao, hapa hapa, majina ya programu yakiwa wazi. Wenye simu zinazokaribia kuzima wapite kwanza, kuna soketi nne tu.